Mwanangu hasali tena, na mjomba wake anataka kukata ada

Toleo lililopita nilijibu swali la mtoto wa darasa la sita aliyetaka kujua mbwa wa nyumbani walitoka wapi, nikaandika neno "mageuko", yaani viumbe kubadilika polepole kizazi hadi kizazi, mara moja tu. Mara moja! Mhariri anasema kapu la barua limejaa, na karibu zote hazina habari na mbwa. Nimechagua chache. Majina nimeyaacha, na mbili nimezifupisha kwa sababu ziliandikwa kwa hasira, na hasira hurudiarudia maneno.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wanne, Morogoro. Wa pili yuko chuo kikuu mwaka wa tatu, anasoma uhandisi. Alipokuja likizo, Jumapili akabaki kitandani, nikadhani anaumwa. Jioni mezani akatuambia haamini tena kwamba Mungu yupo, eti sayansi imeshathibitisha hayupo. Baba yao ni marehemu. Mjomba wake ndiye anayelipa ada, naye ni mzee wa kanisa. Ameapa hatoi hata senti mpaka kijana atubu mbele ya watu. Silali, Mwalimu. Nimekosea wapi?

Marahaba, mwanangu. Hujakosea. Umemlea kijana akapata ujasiri wa kukuambia jambo zito usoni, mezani, badala ya kukudanganya. Wako wengi wanaokaa kanisani na msikitini kila wiki ilhali moyoni wameshaondoka siku nyingi, na mama zao wanalala usingizi mnono.

Sasa tuvitenge vitu viwili ambavyo katika barua yako vimefungwa fundo moja: anachosema kijana, na anachofanya mjomba.

Tuanze na kijana. Akisema sayansi imethibitisha Mungu hayupo, mwulize kwa upole: ni jaribio gani hilo, lilifanywa wapi, lilipima nini? Usimwulize ili umshinde. Ni mhandisi mtarajiwa, anajua daraja halisimami kwa kusema. Sayansi inaweza kutuambia kifafa hakiletwi na mapepo, maana hilo linapimika. Ukiiuliza kama yuko aliyeuanzisha ulimwengu, na kwa nini, haina chombo cha kupimia. Mwambie asome habari za Georges Lemaître, padri wa Kikatoliki wa Ubelgiji na mwanafizikia. Mwaka 1927 alionyesha kwa hesabu kwamba ulimwengu unapanuka, na mwaka 1931 akapendekeza kwamba wote ulianzia katika kitu kimoja kidogo mno. Hapo ndipo ilipochipukia nadharia ya Mlipuko Mkuu anayofundishwa mwanao. Mwaka 1951 Papa Pius XII alipoizungumzia kana kwamba imeuthibitisha uumbaji, Lemaître hakufurahi. Padri mzima hakutaka hesabu zake zitumike kumthibitishia mtu Mungu. Mimi naongeza: wala zisitumike kumkana.

Nadhani najua pia maneno hayo yanatoka wapi. Simu za vijana wetu zimejaa midahalo ya Kiingereza ambamo mzee mmoja wa Oxford mwenye mvi, Richard Dawkins, anawachachafya maaskofu. Huyo bwana ni wa kwetu kwa kuzaliwa: Nairobi, Machi 1941. Baba yake alikuwa ofisa kilimo Nyasaland, Malawi ya leo, vita vikaja akaingia Keya, jeshi la Mwingereza huku kwetu. Na Ayaan Hirsi Ali, Msomali aliyekulia Nairobi na kusoma huko sekondari ya wasichana wa Kiislamu, baadaye akawa mbunge Uholanzi na mmoja wa wakana Mungu wanaosikilizwa sana duniani. Novemba 2023 akatangaza kwamba sasa ni Mkristo. Miezi michache baadaye Dawkins akasema redioni huko Uingereza kwamba yeye haamini hata chembe, ila kwa utamaduni ni Mkristo: anapenda nyimbo za Krismasi na makanisa ya kale. Mei 2024 wawili hao wakapanda jukwaa moja New York wakabishana, kila mmoja akimshangaa mwenzake alikofika. Sikuelezi haya ili ukae ukingojea mwanao arudi kanisani, huenda asirudi. Nakueleza kwa sababu hao ni watu wazima, wasomi wa kutajika, na bado wanahama. Wako ana umri wa mtu anayeweza kubadilisha kozi.

Kuna kisa kingine cha Kenya ninakipenda. Mwaka 2021 katibu wa chama cha wakana Mungu alijiuzulu akisema amempata Yesu Kristo. Chama kikatoa taarifa, kikamshukuru kwa kazi yake, kikamtakia kila la heri katika uhusiano wake mpya na Yesu, kisha kikatangaza kwamba nafasi ya katibu iko wazi, mkana Mungu yeyote anayetaka aombe. Nilicheka mpaka chai ikapoa. Angalau wao hawakumkatia mtu ada.

Tuje kwa mjomba, maana huko ndiko kwenye moto. Akimlazimisha kijana atubu mbele ya watu ili alipiwe muhula, kijana atatubu. Kwa nini asitubu? Atasimama, atalia kidogo, kwaya itaimba, na Jumatatu atarudi chuoni na stakabadhi ya benki. Mjomba atakuwa amenunua uongo kwa bei ya muhula mmoja, tena ameununulia ndani ya kanisa. Usiende kwake peke yako. Mchukue mtu ambaye yeye mwenyewe humheshimu, ikiwezekana mchungaji wake, na mumwulize swali moja tu: alipoanza kulipa ada, alikuwa anamlipia mpwa wake uhandisi au sala? Wachungaji wengi, ukiwakuta faraghani bila maikrofoni, wana akili kuliko wanavyosikika kwenye spika. Nimeshawaona wakitatua mambo kama haya kwa kikombe cha kahawa.

Chini kabisa ya barua yako uliandika swali nililoliacha nje hapo juu: "Akifa leo, atazikwa na nani?" Mama, hilo ndilo linalokunyima usingizi, na hata sishangai. Kwetu, jumuiya ndiyo inayoleta turubai, viti, kwaya, mchango wa jeneza na wanawake wa kupika. Mtu asiye na dini tunamwogopea kaburi kuliko tunavyomwogopea moto wa milele. Basi nikuambie nilichokiona kwa macho yangu mara nyingi: anayezikwa huzikwa na ukoo na majirani. Kijana ambaye nyumbani hajafukuzwa hakosi watu wa kumsindikiza. Aliyefukuzwa ndiye anayekosa. Kwa hiyo ukitaka azikwe vizuri huko mbele, mwachie sahani yake mezani sasa.

Mwalimu, je, kutokuwa na dini ni kosa kisheria? Namwulizia rafiki. (Dodoma)

Msalimie sana rafiki. Si kosa. Ibara ya 19 ya Katiba yetu inampa kila mtu uhuru wa mawazo, imani na uchaguzi katika mambo ya dini, pamoja na uhuru wa kubadilisha dini au imani yake. Sensa yetu nayo haijauliza dini tangu ile ya 1967, kwa hiyo hakuna atakayekuja kukuhesabu. Samahani, kumhesabu. Kenya wao huuliza: katika sensa ya 2019, watu zaidi ya 750,000 waliandikwa kuwa hawana dini. Chama chao kilisajiliwa Februari 2016, na Aprili mwaka huohuo usajili ukasimamishwa, ikabidi waende mahakamani.

Lakini rafiki ajue tofauti. Kutoamini ni haki. Kumtolea mtu maneno kwa kusudi la kumuumiza katika dini yake ni kesi nyingine, na Kanuni ya Adhabu inayo. Na kuna nchi za Afrika ambako mstari kati ya hayo mawili ni mwembamba mno. Mubarak Bala, mkana Mungu wa Nigeria, alikamatwa Aprili 2020 kwa alichoandika Facebook, mwaka 2022 mahakama ya Kano ikamhukumu miaka 24, rufaa ikapunguza hadi mitano, akatoka gerezani Januari 2025. Dodoma si Kano, na tushukuru. Hata hivyo, kama rafiki yako ni mwalimu wa shule ya misheni, asome mkataba wake wa kazi kabla hajatangaza kitu.

Shikamoo Mwalimu. Niko kidato cha nne, Singida. Mwalimu wa baiolojia anafundisha mageuko. Mchungaji wetu anasema atakayeandika kwenye mtihani kwamba binadamu alitokana na nyani, ameiuza roho yake. Nataka kusoma udaktari. Niandike nini?

Marahaba, daktari. Andika kilichoulizwa. Karatasi ikisema "eleza nadharia ya Darwin", ieleze nadharia ya Darwin, kwa mifano. Hakuna mtahini anayeuliza unaamini nini. Nimesahihisha karatasi nyingi mno za watoto waliojibu swali la maksi kumi kwa mahubiri ya kurasa mbili. Mahubiri mazuri, yana aya na kila kitu. Sifuri.

Na usiandike kwamba binadamu alitokana na nyani. Roho yako haihusiki hapo, ila utakosa maksi kwa sababu si sahihi. Nyani anayeiba mahindi Mikumi leo hajamzaa mtu. Kinachosemwa ni kwamba yeye na sisi tuna mababu wa pamoja, wa zamani mno, na kila ukoo ukashika njia yake.

Kwa kuwa unataka udaktari, sikupi mfano wa mifupa kwanza, nakupa wa dawa. Waulize wazazi wako kuhusu klorokwini. Watakuonyesha mikono wanavyojikuna, maana ilikuwa inawasha mwili mzima usiku kucha. Tuliinywa miaka na miaka kwa malaria, na iliponya. Lakini miongoni mwa mabilioni ya vimelea, wachache walikuwa na hitilafu ndogo ya kurithi iliyowawezesha kuhimili dawa. Dawa ikawaua wenzao, wao wakabaki na nafasi yote, wakazaana. Mwaka 2001 Tanzania ikaiacha klorokwini ikaingia SP, dawa nyingine ya malaria, nayo ikachoka vilevile, ndipo ikaja dawa ya mseto tunayotumia sasa. Ukitaka ushahidi mtamu zaidi, tazama Malawi. Wao waliiacha klorokwini mapema, mwaka 1993. Dawa ilipoondoka, vimelea sugu vikapoteza ile faida yao, vile vya kawaida vikarudi kutawala, na miaka michache baada ya 2000 watafiti walipoijaribu tena klorokwini kwa watoto wenye malaria huko Blantyre, iliponya karibu wote. Hayo ndiyo mageuko, mwanangu: yanaingia, yanatoka, na unayahesabu chini ya hadubini. Daktari asiyeyajua ataua watu kwa dawa iliyochoka huku akisali kwa nia njema.

Mifupa sasa. Julai 17, 1959, Louis Leakey alikuwa amelala na homa kambini Olduvai. Mkewe Mary akatoka na mbwa wake, akaona meno na kipande cha fuvu kikichungulia kwenye mteremko. Ndiye yule Zinjanthropus, zamadamu wa kitabu chako cha darasa la tano. Umri wake, kama miaka milioni 1.75, haukukisiwa kwa macho. Jivu la volkano lina potasiamu ambayo sehemu yake hugeuka polepole kuwa gesi ya argoni. Mwamba ukiwa bado uji wa moto, argoni yote ya zamani hutoroka. Ukipoa, inayozaliwa upya hunaswa ndani. Pima argoni iliyonaswa, linganisha na potasiamu iliyobaki, utajua mwamba ulipoa lini. Njia hiyohiyo ndiyo iliyotuambia kwamba nyayo za Laetoli, za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya jivu lililolowa mvua, zina miaka karibu milioni 3.7. Na jambo moja mchungaji wako huenda hajaambiwa: huyo Leakey alikuwa mtoto wa wamisionari, alizaliwa misheni ya Kabete mwaka 1903.

Ugomvi huu si mpya. Mwaka 2006, jumba la makumbusho la Nairobi likiwa kwenye ukarabati, viongozi wa makanisa ya kiinjili walitaka mabaki ya zamadamu yasiwekwe mbele. Waliyemlenga zaidi ni Kijana wa Turkana, mifupa ya mvulana wa miaka kama milioni 1.5 iliyopita. Aliyeigundua mwaka 1984 ni Kamoya Kimeu, Mkamba, asiye na digrii ila mwenye jicho kali la kutafuta mifupa ya kale. Ilikuwa siku ya mapumziko kambini, wenzake wanafua nguo, yeye akaenda kutembea ng'ambo ya mto mkavu, akaona kipande cha fuvu kidogo, cheusi, kati ya kokoto nyeusi. Mimi ningekikanyaga nikapita. Richard Leakey, mwana wa Louis, aliwajia juu viongozi hao, na mifupa ikabaki kwenye maonyesho. Nilipokwenda kuiona nilimkuta sista na watoto wa shule, amewapanga mstari, anawasomea kibao neno kwa neno.

Usigombane na mchungaji wako. Nadhani mifupa haimtishi. Anachohofia ni kwamba mtoto akiruhusiwa kumsahihisha habari ya mifupa, kesho atauliza habari ya hesabu za sadaka. Msikilize kanisani, mheshimu, na mtihani ujibu kama ulivyofundishwa.

Wewe mwalimu unakwepakwepa! Sema wazi unaamini Mungu au huamini. Kama unaamini, acha kufundisha uongo wa Darwin. Kama huamini, vua hilo baibui kwenye picha yako. (Mbeya)

Ninaswali. Alfajiri ikinipita najilaumu hadi adhuhuri. Darwin nimemfundisha mpaka nimestaafu, na ningeitwa kesho ningemfundisha tena. Baibui nililinunua Ngamiani kwa fedha yangu, sina mpango wa kulirudisha dukani.

Kama unauliza hayo mawili hayagongani, yanagongana. Habari ya Adamu naisoma, habari ya mifupa naifundisha, na pale zinapokutana mimi sijapamaliza. Wapo wanazuoni wanaokubali mageuko kwa viumbe wote isipokuwa Adamu. Wapo wanaozisoma aya kwa namna nyingine, na wapo wanaoyakataa yote. Nimekaa na swali hilo muda mrefu kuliko umri wako, kwa jinsi unavyoandika, na wala halijanizuia kulala.

Usidhani pia kwamba kila siku wenye dini wako upande huu na wenye sayansi upande ule. Aprili 2020 Rais Magufuli, mwenye shahada ya uzamivu ya kemia, aliitangazia nchi siku tatu za maombi dhidi ya korona, na mwezi uliofuata akatuambia papai na mbuzi vimepimwa vikakutwa nayo, kwa hiyo maabara haiaminiki. Mapema mwaka 2021, maaskofu Wakatoliki ndio waliowaandikia waumini kwamba ugonjwa upo, wajikinge. Nipangie hao kwenye kambi zako mbili, kisha uniandikie tena.

Assalaam aleikum Mwalimu. Wanasayansi wanajua jua litapatwa lini hadi sekunde, miaka mia mbele. Mbona kila mwisho wa Ramadhani nyumba moja baba amefunga na mwana anakula Idi? Nani yuko sahihi? (Kibokoni, Mombasa)

Waalaikum salaam. Hili nalipenda. Septemba 1, 2016, jua lilipopatwa kipete, nilikuwa Rujewa kule Mbarali pamoja na umati uliotoka kila pembe. Wengi walikuwa na miwani ya karatasi, wanatazama juu. Mimi nilitazama chini. Mahali palipokuwa na mti, kila tundu baina ya majani lilitupa picha ya jua ardhini, na kadiri mwezi ulivyoingia katikati, chini ya ule mti kukajaa pete za mwanga, mamia, zinatikisika upepo ukija. Mtoto mmoja alikuwa anajaribu kuziokota. Na saa ilikuwa ileile iliyochapishwa kwenye majedwali miaka mingi kabla.

Waislamu tuna habari yetu kuhusu jua kupatwa. Siku aliyofariki Ibrahim, mwana mdogo wa Mtume, jua lilipatwa, na watu wakasema limehuzunika kwa ajili yake. Baba mwenye msiba angeweza kunyamaza na kuwaachia. Aliwakatalia: jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu, hazipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Wanaastronomia wakihesabu kurudi nyuma wanaikuta siku hiyo, Januari 27, mwaka 632.

Basi mwandamo. Kuna mambo mawili. Saa ambayo mwezi unapita kati yetu na jua inajulikana hadi sekunde, na mzunguko mmoja huchukua wastani wa siku 29 na nusu na kidogo. Kuuona kwa jicho ule uzi mwembamba magharibi ni jambo la pili, na hapo huingia wingu, vumbi, urefu wa mwezi juu ya upeo, na macho ya mtazamaji. Hesabu inaweza kukuambia kwa uhakika kwamba jioni fulani mwezi hauwezi kuonekana kabisa, na akitokea mtu akasema ameuona, ameona kitu kingine. Haiwezi kukuapia kwamba jioni nyingine lazima utaonekana Kibokoni. Uturuki wameamua kufuata hesabu, kalenda yao huchapishwa mapema na hakuna anayekimbia juu ya paa.

Kinachonichekesha ni hiki. Chukua ramani. Mombasa iko longitudo nyuzi 39.7 hivi mashariki. Makka iko nyuzi 39.8. Tuko karibu mstari mmoja, saa zetu ni zilezile. Kukaa kwetu kusini kuna mchango wake, lakini hoja ya "wao wako mbali" haibebi mzigo wote tunaoubebesha. Baba na mwana hao hawabishani juu ya mwezi. Wanabishana ni tangazo la nani litiiwe: la Kadhi, la Saudia, au la sheikh wa mtaa. Barua hizi huja zimeandikwa "sayansi na dini" juu ya bahasha, na nikifungua ndani naikuta ada, maksi, au nani mkubwa. Tena hata hilo ni la kale. Zama za masahaba, mtu aitwaye Kurayb aliuona mwezi wa Ramadhani huko Sham, Syria ya leo, usiku wa kuamkia Ijumaa, akarudi Madina akamkuta Ibn Abbas, binamu wa Mtume, ameuona usiku wa baada yake. Akamwuliza, huoni kwamba kuona kwa Muawiya, mtawala wa Sham, kunatosha? Ibn Abbas akasema hapana, akaendelea na saumu yake. Hawakununiana. Mwana ale Idi yake, ila asije na biriani mbele ya aliyefunga.

Mwalimu, nina sukari, nachoma insulini tangu sekondari. Mtumishi ameniombea, akasema nimepona, na kwamba nikiendelea na sindano nitakuwa namkana Mungu. Nimeacha. Nasikia kiu kali, na nakojoa kila saa. Pia nyumbani hatuna friji, insulini nyingine zimeharibika. (Dada, Kahama)

Barua hii haikungoja toleo. Mhariri alimpigia dada huyu simu siku ileile, akapelekwa hospitali, ameruhusiwa, na amekubali nijibu hapa kwa ajili ya wengine walio katika hali yake. Najua mko wengi.

Mtu ambaye mwili wake hautengenezi insulini akiacha sindano, sukari hujaa kwenye damu isipate pa kuingia. Mwili unaanza kuchoma mafuta yake, na damu inakuwa na asidi. Kiu haikatiki, mkojo hauishi, kisha tumbo linauma, unatapika, pumzi zinakuwa nzito na za haraka, na mdomo unanuka kama matunda yaliyoiva yakapitiliza. Ukifika hapo usingoje asubuhi, ni dharura. Kabla ya Januari 1922, mvulana wa miaka 14 alipochomwa insulini huko Toronto, watoto wenye ugonjwa huu walikuwa wanakufa tu, na waliombewa na mama zao usiku na mchana.

Kuombewa sikukatazi, nami huombewa. Lakini jirani yangu, Mlutheri anayeijua Biblia yake, amenionyesha Mathayo 8. Yesu alipomtakasa mwenye ukoma, alimwambia aende akajionyeshe kwa kuhani, na kuhani ndiye aliyekuwa na kazi ya kumkagua. Kwa hiyo mtumishi akikuambia umepona, mjibu "amina", kisha nenda kliniki ukakaguliwe huku ukiendelea na sindano. Kwenye kipimo, kabla ya kula asubuhi, wanaotumia dawa wengi hulenga kati ya 4 na 7 (mmol/L). Daktari ndiye wa kupunguza dozi, hatua kwa hatua, kwa kuangalia namba hizo. Mtumishi anayekukataza kupimwa, mkimbie. Mwaka 2011 nchi nzima ilipanga foleni ya kilomita na kilomita kule Samunge, Loliondo, kwa kikombe cha shilingi 500, na wapo waliorudi nyumbani wakaweka dawa zao kando. Madaktari waliowapokea baadaye bado wapo kazini, waulizeni.

Na friji. Insulini ambayo hujaifungua hutunzwa kwenye friji, isigande kamwe. Kama huna, tafuta vyungu viwili vya udongo, kidogo kiingie ndani ya kikubwa, jaza mchanga katikati, mwagia maji mpaka uloe. Chupa za insulini zitie kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha maji, uweke kwenye chungu cha ndani, funika kwa kitambaa kilicholowa, na kiweke kivulini penye upepo. Hakitafikia baridi ya friji, lakini kitaipunguza joto vya kutosha hata Kahama ya Oktoba. Mchanga ukikauka, ongeza maji, asubuhi na jioni. Chupa iliyopigwa jua, au iliyokuwa maangavu ikaingia mawingu, itupe ukaombe nyingine.